Sufuri za Mbele

Lifti imekufa. Kemunto amepanda ghorofa tano, hapa Ngara,
bahasha ya kaki kwapani.
Anatafuta ploti ya mamake, Kariobangi Kusini:
jalada 00417, kiwanja 3/12.
Naandika alivyosema. Naandika tena, polepole.
Faharasa inajibu: hakuna.

Mimi ndiye niliyeilisha.
Miezi minne, makabati kumi na moja, vumbi hadi kwenye kope.
Sikuiambia kipi namba, kipi jina;
waliotuuzia walisema inajua yenyewe.
Ikajua, kama mgeni
aliyeonja kijiko kimoja akasimulia chungu kizima.
Kadi ya kwanza ilikuwa tarakimu tupu,
ikaapa: safu hii yote ni hesabu.

Basi sufuri za mbele zikaanguka,
maana kwenye hesabu sufuri ya kushoto haina uzito.
Likabaki 417, likagongana na 417 la mtu wa Dagoretti.
Nyumba 2E5 ya Umoja ikawa laki mbili.
Barua ya chifu, "kama nusu ekari hivi",
ikarudishwa mlangoni:
"kama" si namba, na "hivi" je?
Kiwanja 3/12 kikawa tarehe tatu Desemba.
Ardhi ikawa siku.

Namweleza. Ananitazama.
"Kwa hiyo shamba la mama ni Desemba?"
"Kwa mtambo, ndiyo."
"Tulimzika Januari," anasema,
kama anayesahihisha kosa dogo la karani.

Kisha ananiambia mamake hakujua kusoma.
Namba hiyo aliikariri,
akiita tarakimu moja moja jioni,
sufuri, sufuri, nne, moja, saba,
kama anayehesabu watoto wake
kabla ya kufunga mlango.

Safu ikishaapa haibadiliki; ni kubomoa na kujenga.
Ahueni: maandishi ya asili yalilala chini yake, hayakuguswa.
Safari hii natangulia kusema mimi:
jalada, neno. Kiwanja, neno.
Haya hayajumlishwi, hayatolewi,
hakuna atakayetafuta wastani wa makaburi na mipaka.

Inajengwa. Saa saba, saa nane.
Kemunto amekula ndizi moja, nusu kanipa mimi ya pili.
Saa tisa kasoro naandika tena.
Jalada linafunguka.

Hasomi jina kwanza.
Anainama, kidole karibu na kioo:
"Sufuri zote mbili zipo?"

Zipo.