Imekukaa

Kibanda changu upana wake ni mlango mmoja,
kati ya muuza leso na mkaanga viazi karai,
mtaa wa Majengo, Malindi.
Miaka kumi na tisa nafungua migongo ya saa
kwa kisu chembamba kuliko ukucha wa mtoto,
nikadhani naijua saa nzuri.

Nzuri kwangu ilikuwa ya chuma, uso mweupe,
ukanda wa ngozi, isiyopiga kelele hata kwa rangi.
Basi. Nyingine zote nilizitengeneza
kama mpishi wa pilau aliyeombwa achemshe tambi.

Akaja Mbodze wa Kakuyuni,
mfuko wa mabuyu begani, vidole vyekundu kwa rangi yake,
akaniwekea mezani saa ya plastiki,
ya waridi, imezungukwa na vipande vya kioo
kama keki ya harusi.
"Igeuze uso," akasema. "Nataka sita ikae juu.
Ikiwa saa sita, mshale uelekee sita.
Nimechoka kupiga hesabu kila nikitazama mkono."

"Na mshale wa dakika?"

"Dakika nazijua kwa macho."

Nikacheka.
Nikamwita jirani wa viazi aje acheke na mimi,
naye akaja, mwiko mkononi, akacheka.

Mbodze hakununa.
Aliifuta saa yake kwa pindo la leso, akaivaa.
"Wewe hukuulizwa kama unaipenda," akasema.
"Uliulizwa kama unaweza."

Maneno hayo yalinikwama kama mwiba wa tasi:
humezi, hutemi, unakula ndizi bure.

Nikaanza kuitazama mikono ya watu.
Lali wa bodaboda, dhahabu pana kama kisahani,
bandia, na anajua ni bandia:
"Ya kweli ningeifungia sandukuni. Hii naivaa."
Mwalimu Tsuma, saa isiyo na tarakimu hata moja;
kasahihisha hesabu miaka thelathini,
sasa hataki kuziona.
Mtaliano wa Casuarina, saa bei ya kiwanja,
imesimama, wala hataki iende;
anapenda uzito wake, asema, si habari zake.
Na Bi Mwanahawa, anayeivaa uso kwa ndani,
juu ya mshipa.
Huyo sikumuuliza.

Na mimi?
Mimi, joto lote la Februari, shati la mikono mirefu,
vifungo hadi kwenye kiganja.
Chini yake saa ya kike, ya marehemu mama,
uso kama kifungo cha kanzu, mkufu badala ya ukanda.
Kumi na tisa, hiyo miaka,
namficha mama kwa kumwogopa mkaanga viazi.

Shaaban ilipoandama, Mbodze akarudi.
"Betri," akasema. Betri tu.
Nikaweka betri. Nikauliza, "Na uso?"
Akanitazama kitambo. Akaketi.

Nilikata vijiguu viwili vya uso,
nikaugeuza, nikaubandika kwa gundi,
nikapandisha mikono ya shati gundi isinichafue.
Ilichukua muda.
Adhana ya adhuhuri ilipokaribia
mishale yote miwili ilipanda, ikaikuta sita yake juu inangoja,
na Mbodze akacheka peke yake, kwa sauti,
kama mtu aliyejibiwa kwa lugha ya kwao.

Kwangu bado ilikuwa keki ya harusi.
Sikusema. Wala hakuna aliyeniuliza.

Alipokuwa akihesabu pesa macho yake yakatua mkononi mwangu,
kwenye mkufu ule, kifungo kile.
Nikangoja.

"Imekukaa," akasema,
akajitupia mfuko begani, akashika njia ya sokoni.

Jirani alikuwa ameacha kukaanga, anaangalia.
Viazi vikaungua kidogo.
Sikushusha mkono wa shati.