Wenzo

Dada yangu Morven hupima panya.
Ndivyo mama alivyozoea kuwaambia majirani wa ghorofani,
kwa sauti ya mtu anayesema
binti yangu hufua soksi za maiti.
Mimi hakunitaja kabisa.

Dundee, Januari. Saa tisa na nusu alasiri
taa za daraja zimeshawashwa,
mvua inapiga kwa ubavu.
Nampelekea ufunguo aliousahau kwa mama Jumapili.
Mlinzi ananivisha beji: MGENI, STRUAN GEDDES.
Miaka sita sijavaa jina langu
bila neno mgonjwa kando yake.

"Usiguse kitu," anasema Morven, kisha anacheka,
maana sote wawili twakumbuka nilivyogusa:
saa ya babu, pete ya mama,
na kompyuta yake, iliyobeba miaka minne ya tasnifu.
Niliiuza kwa pauni arobaini.

Ananionyesha kisanduku. Sakafu ni vijiti vya chuma,
ukutani mna wenzo, mfupi kama ulimi.
Panya akiubonyeza, tone linaingia mshipani.
Wiki ya tatu anabonyeza hadi anasahau kula.
Kisha tone linakatwa.
Anabonyeza, hakuna.
Anabonyeza, hakuna.
Siku ya ishirini anaupita ule wenzo
kama mtu apitavyo duka asilodaiwa.

"Basi amepona?"
Morven anavua miwani, anaifuta kwa pindo la koti.
"Hapo ndipo kazi yangu inapoanza."

Umeme mdogo, chini ya nyayo. Si wa kuua,
si wa kuacha jeraha. Dakika chache tu.
Na yule aliyekwisha kusahau
anaurudia wenzo uliokauka,
anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza.

Ana grafu. Sikuhitaji grafu.
Umeme wangu ulikuwa bahasha ya kaki
kutoka ofisi ya posho, Jumanne asubuhi,
mwezi wa kumi na moja bila heroini.
Sijui hadi leo iliandikwa nini.
Niliiacha mkekani, mlangoni,
miguu ilikwisha kuondoka.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka;
sisi wengine tukiuona
humkimbilia nyoka.

Anaeleza: msongo, homoni, mlango unaofunguka
ndani ya kitu kidogo mithili ya lozi.
Nikaona kidole chake
kinaonyesha kichwa chake mwenyewe,
si changu.

"Wapo wasiorudi?"
"Wapo. Watano kati ya arobaini na mmoja."
"Kwa nini?"
Anasita. Dada yangu, ambaye hajawahi kusita
hata kunifukuza.
"Wanne kati yao walilala wawili wawili.
Idadi ni ndogo, Struan. Usinishike kwa neno."
Wenzo. Wenzio.
Herufi moja, nimeigeuzageuza mdomoni tangu siku ile
kama kokwa lisilo na nyama.

Akaniwekea mmoja kiganjani, namba ishirini na mbili.
Moyo wake ulikwenda mbio kama mvua juu ya bati,
mkia wake baridi ukajifunga kwenye kifundo cha mkono,
pale penye kovu.
"Mwisho wake huyu?"
"Tunahitaji kuutazama ubongo."
Hakuongeza neno, nami sikumwomba aongeze.
Nilimshika kidogo zaidi.

Mlangoni nikautoa ufunguo.
"Kaa nao," akasema. "Nina mwingine."
Kama alikuwa na mwingine,
Jumapili alisahau nini?
Sikuuliza. Alikwisha kugeuka,
koti lake jeupe limekunjika mgongoni
kama la mtu aliyelala kitini.

Kituoni basi limechelewa, namba saba,
mtoto wa shule anakula chipsi, siki inanukia.
Mkono wangu u mfukoni.
Kidole gumba kimeuona ufunguo, kinaubonyeza,
hakuna, kinaubonyeza,
hakuna,
na basi lilipofika bado nilikuwa naubonyeza.