Tundu la Ibara ya Kumi na Tatu

Nakala ya Katiba ni moja, wanafunzi sitini na wanne.
Niliikuta kabatini mwaka nilioripoti Kigwe,
chini ya rejesta za zamani na kengele isiyo na ulimi.
Mchwa walianzia jalada, wakavuka utangulizi,
wakapumzika, nadhani, kwenye Muungano,
kisha wakaona njaa tena kwenye haki na wajibu:
ibara ya kumi na tatu ina tundu
dole gumba linapita.

Uraia ni kipindi cha saba.
Jua limekaa juu ya bati, upepo wa Agosti
unaleta vumbi la mashamba ya uwele yaliyokwisha vunwa,
unafuta ubao kabla sijafuta mimi.
Naandika: MIHIMILI YA DOLA NI MITATU.
Treni ya mizigo inapita kwenda Manyoni,
tunangoja mabehewa yaishe.
Hata Serikali, nawaambia, kuna mahali hungoja.
Hawacheki.

"Sheria ikiliwa na mchwa, bado ipo?"
Ni Sechelela Chidawali, wa dirisha lisilo kioo.
Jibu halikuwamo kwenye andalio la somo.
Nikagawa karatasi, nusu nusu:
andikeni kilichokuwa kwenye tundu.

Maji ya shule yasifungwe kufuli siku ya mtihani.
Binti asitolewe darasani kwa kuwa ng'ombe wamefika.
Wa mlenda na wa nyama wapange foleni moja.
Na Mheluka, mtoro, mwandiko wa kuku:
Mtu asichapwe kabla hajasema.

Nilicheka. Nikampa tisa kwa kumi,
moja nikaikata kwa ajili ya mwandiko.
Karatasi yake nikaibandika kwa uji wa ngano
palepale, juu ya tundu.

Jumatatu nilikuwa mwalimu wa zamu.
Langoni, saa moja na dakika ishirini, wachelewaji wamejipanga,
mkononi nina fimbo ya mkole, ileile
ninayoonyeshea ubaoni: hapa Bunge,
hapa Mahakama, hapa Serikali.
Wa kwanza akanyoosha mikono. Wa pili naye.
Wa tatu alikuwa Mheluka.
Hakunyoosha.
Akasema, wala si kwa ujeuri,
sauti ikimkatika kama redio ya betri kuukuu:
"Mwalimu, lile tundu."

Mkuu wa shule anatazama toka barazani.
Fimbo ikanilemea kama mwiko wa sufuria la msiba.
Miaka kumi na tisa nafundisha utawala wa sheria
na mihimili yote mitatu nimeishika kwa mkono mmoja:
natunga, nahukumu, nachapa.

Haya, nikasema. Sema.

Nilitarajia punda aliyepotea, mama mgonjwa,
kisima kilichokauka, zile sababu
zinazomfanya aliyeuliza aone haya.
"Nilipitiwa na usingizi, mwalimu. Basi."
Sababu mbovu kuliko zote.
Foleni nzima ikaguna; walikuwa wakimwombea
japo uongo wa maana.

Mkuu akakohoa.
Nami nikasimama pale, mwanafunzi wa somo langu mwenyewe:
haki ya kusema haingoji sababu iwe nzuri.

Nikamtuma akafagie vyoo. Alifagia, vibaya.

Kipindi cha saba niliingia bila fimbo.
Mihimili nikaionyesha kwa kidole chenye chaki,
nikasoma ibara, na kipande cha Mheluka nikakisoma
kwa sauti ileile, bila kupumua katikati.
Nyuma kabisa wawili wa asubuhi
walikuwa wameficha viganja chini ya dawati.

Sechelela akanyoosha mkono.
"Na waliochapwa kabla tundu halijasomwa, mwalimu?"

Treni ikapita.
Nilishukuru mabehewa yalikuwa mengi.
Yakaisha.
Mkono wake bado uko juu.