Kibati cha Gumba

Suleyum kaja na kibati kutoka Dubai,
chembamba kama ukucha wa mtoto,
riali ishirini na mbili, posta mbali.
Kakiweka mezani, baina ya sahani ya tende
na kofia yangu yenye vitundu mia tatu
ambavyo bado sijavizungushia uzi.

"Kinakaa nyuma ya bastola, mjomba.
Ukiirudisha alani, unakibana kwa gumba.
Kitu kikivuta kifyatulio, shati, kidole, shetani,
kibati kinakusukuma. Unakizuia. Hailii."
Anatamka "hailii"
kama mtu aliyejifunza neno hilo jana.

Muhenna hajibu. Anatikisa kikombe,
maana yake: kahawa basi.

Mimi nalijua paja lake la kulia.
Nimelikanda kwa mafuta ya simsim miezi tisa.
Kovu la kuingilia ni dogo, lina adabu.
La kutokea limechanika
kama mdomo uliokatizwa.

Ilikuwa Julai. Nje, Ruwi, lami inanata viatuni;
ndani ya gari la fedha, baridi ya mochwari,
ndiyo walinzi huvaa makoti dunia ikiungua.
Koti lina kamba ya kukazia kiuno,
na mwisho wa kamba, kifundo cha plastiki,
hakizidi punje ya dengu.
Kifundo kikatangulia alani.
Muhenna akasukuma, ikakataa.
Akasukuma tena.

Hiyo ya pili ndiyo tunayoishi nayo hapa Mabela,
inapanda nasi ngazi, inakaa nasi kwenye mkeka.
Wala hapakuwa na mwizi.
Dereva alipiga honi mara moja tu,
chai yake ilikuwa inapoa.

"Hiki kingekuokoa," anasema Suleyum.

Pengine. Nami nina subana tatu,
moja ya fedha, ya mama yangu,
na vidole vyangu vimejaa matundu.
Sindano hainidungi siku nisiyovaa subana.
Hunidunga nimeivaa, na akili iko mlangoni.

Muhenna kaleta bastola ya mazoezi,
ile ya plastiki, buluu kama ndoo,
kakibandika kibati kwa gundi ya viatu.
"Nionyeshe."
Kijana kasimama, kaitumbukiza upesi,
macho kwangu, anione.
"Gumba lako lilikuwa wapi?"
Kimya.
"Kibati kilikwambia nini?"
"Hakikusema kitu."
"Kilisema. Hukuwepo."

Nilidhani atakitupa. Hakukitupa.
Kakifuta vumbi kwa pindo la kanzu.
"Kitu kizuri. Chuma kinachonong'ona kabla ya kupiga kelele
mimi sikidharau. Ningekuwa nacho siku ile...
sijui. Nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hana gumba.
Kiweke. Lakini kwanza sogeza koti kwa mkono wa kushoto.
Angalia mdomo wa ala. Ikikataa, usibishane nayo,
itoe. Halafu ndiyo gumba."

"Wengine wanatufundisha tusiangalie chini.
Adui je?"

"Adui kama bado yupo,
unairudisha ya nini?"

Nikacheka peke yangu. Hawakucheka.

Wakaendelea mpaka isha, ta, kimya, ta,
na kila kimya kilikuwa kirefu kidogo kuliko kilichopita.
Koti la Suleyum lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango,
jipya, la kampuni ileile.
Nikachukua mkasi wa kofia.
Nikavuta kamba yote, dhiraa mbili na ushei,
nikashona tundu ilimotoka, mishono midogo,
hata mamake hataiona.

Ndani ya kopo la vifungo
kuna kifundo walichonipa hospitali, ndani ya karatasi,
kimeyeyuka upande mmoja.
Nimekitia cha pili kando yake.