Siku za Ingolf

Bibi Zschoche aliingia na theluji mabegani,
akaweka bati la biskuti juu ya meza yangu.
Nikadhani ameniletea kitafunio.
Ndani mlikuwa na pakiti za mbegu,
figili, spinachi, karoti,
na nyuma ya kila pakiti, kwa penseli, namba na neno moja.
“Yako ishirini na manne,” akasema.
“Nilifikiri mume wangu ameanza kusahau majina ya vitu.”

Ingolf alikuwa fundi wa lifti.
Miaka thelathini na mmoja aliwapandisha watu wa Zwickau
na kuwashusha salama,
na kila tarehe kumi na tano
yuro hamsini zilimtoka kimyakimya
zikawa kipande cha sarafu isiyoshikika.
Haba na haba. Kibaba hakuna aliyekiona.

Mjukuu alisoma yale maneno, pochi ikafunguka.
Paa lilikuwa linavuja; Mei wakauza zote.
Sasa ofisi ya kodi imeandika barua.
“Nimekaa nazo miezi saba tu,” akasema,
“na nasikia wanataka mwaka.”

Wanataka mwaka, kweli.
Sarafu ukiilaza ikapitisha mwaka, faida ni yako.
Ukiiamsha mapema,
serikali huvuta kiti, na kijiko imekuja nacho.

Lakini kuna jambo sheria hulisema kwa sauti kavu,
nami kila nikilisoma hunikwama kooni:
mrithi harithi mali peke yake.
Hurithi na siku.
Hesabu aliyoianza marehemu haikatwi na mazishi.

“Nimerithi siku zake?”
“Zote, tangu ile yuro ya kwanza.”
Akavua glavu moja. Ya pili akaisahau mkononi.

Nikafanya kazi yangu.
Mistari mia moja na themanini na sita.
Soko moja alilonunulia lilikwisha kufa,
nikamtafuta Ingolf katika taarifa za benki.
Kuhamisha toka soko hadi pochi si kuuza:
hiyo nikaitenga, programu isije ikamtoza mtu
kwa kubadilisha mfuko wa suruali.
Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walionya.
Hili daftari halipotezi kitu, halisinzii,
na kumpa mtu pole halijui.

Mistari mitatu ya mwisho haikuwa ya tarehe kumi na tano.
Leja huandika saa za Greenwich; nikaongeza mbili.
Usiku mmoja wa Oktoba:
saa nane na dakika arobaini na saba,
saa tisa na dakika kumi na mbili,
saa kumi na dakika tano.
Mia tano, mia tano, mia tano.

“Tarehe tisa Oktoba alikuwa wapi?”

“Hospitali. Nililala kitini, kando yake.
Asubuhi aliniambia amelala vizuri.”

Siku hazigandi, husemwa.
Nje, ukingoni mwa mto Mulde, barafu ilikuwa imeshika majani,
na ndani siku moja ilikuwa imeganda kwenye kioo changu
pamoja na dakika zake.

Hizo tatu hazijatimiza mwaka, nikamweleza.
Faida, yuro elfu moja mia tisa na arobaini;
msamaha unakomea elfu moja.
Kodi ni mia nne na kumi na mbili.
Nikaanza kutafuta upenyo, ada za miamala, senti,
chochote cha kupunguza.

“Acha,” akasema. “Hizo nitazilipa.
Andika na saa.”

Fomu haina kisanduku cha saa.
Nikaiandika kwenye nakala yake, pembeni, kwa penseli,
mara tatu.

Akafunga bati. Akaniuliza kama figili za miaka mitano
bado huota. Nikamwambia hilo si fani yangu.

Mlangoni alikuwa anangoja kijana mwenye roboti ya biashara,
miamala elfu kumi na moja kwa mwaka,
na hakumbuki hata mmoja.