Mshika Bendera wa Nyashishi

Kabla ya kamera tulikuwa na Bwana Pumba.
Tulimshona wenyewe, mimi na Nkwimba wa jikoni:
gunia la pumba za mpunga, kofia ya plastiki,
fulana ya chungwa yenye mistari ing'aayo,
na mkono mmoja wa fito, umeinuliwa: simama.
Siku mbili madereva walimheshimu.
Ya tatu wakamzoea. Ya nne
konda wa basi la Kahama alimrushia ganda la ndizi.
Ya tano mbuzi walimla bega.

Basi tukarudi sisi, wenye damu.

Barabara hapa imechunwa ngozi upande mmoja,
kifusi, mapipa, kamba ya njano, harufu ya lami mbichi;
upande wa pili magari yanapokezana
kama watu wa kisima kimoja.
Kibao kinasema thelathini.
Kibao hakina meno.
Lori moja lilipita na tisini,
limeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu, mwandiko mzuri:
HARAKA HARAKA HAINA BARAKA.
Nilimeza vumbi lake nikicheka.

Limbu hakucheka. Limbu alikuwa ameinama
anapima kina cha mtaro kwa futi yake ya kukunja,
Jumanne, saa kumi na moja,
jua limeshuka usawa wa macho.
Sitasimulia yote.
Futi niliiokota mimi, ng'ambo ya kalvati,
imekunjuka hadi sentimita sitini na mbili.
Ninayo nyumbani. Sijaikunja.

Mwezi uliofuata wakaleta kisanduku.
Cha kijivu, si kikubwa kuliko redio ya betri,
wakakifunga kwenye nguzo, kando ya jabali la pimbi.
Nilikidharau. Nikasema: Bwana Pumba mwingine.
Lakini hiki hakina bega la kuliwa.
Taa wanazopepesana madereva, "kuna askari mbele,"
hakizijui maana.
Hakinywi soda. Hakina shemeji.
Kinasoma namba, kinaandika saa, kinanyamaza.

Gari la kwanza kunaswa lilikuwa la injinia wetu.
La pili, la msiba.
La tisa, la kaka yangu Bugumba.

Alikuja jioni, simu mkononi,
ujumbe wa faini bado unawaka:
themanini na moja, eneo la matengenezo.
"Sangara hawasubiri, Holo," alisema.
"Kutoka Busisi barafu inayeyuka,
kiwanda kinafunga geti saa mbili.
Mnaniibia mchana kweupe,
wewe na kijisanduku chako."
Sikuwa na hotuba. Nilimwekea ugali wa muhogo,
nikaingia chumbani, nikaleta ile futi,
nikailaza mezani, ilivyo,
kati ya bakuli la mchuzi na kikombe cha chumvi.
Hakuuliza ni ya nani. Walicheza drafti pamoja.
Alikula matonge mawili,
akanawa, akatoka bila kuaga.
Faini alilipa kwa mkopo. Mimi bado ananinunia.

Sikisifu sana kisanduku.
Kuna siku vumbi linakipofusha
na fundi wake anakaa mbali, hapokei simu.
Ila ugomvi wangu nacho ni mmoja tu:
kilichelewa.

Nisichokitarajia ni nyuso.
Miezi saba niliona bampa, vioo vyeusi, upepo.
Sasa wanapita na thelathini, kumbe ni watu:
mama anayepiga miayo,
dereva anayechokoa jino kwa njiti ya kiberiti,
mtoto aliyebandika pua kiooni, imekuwa bapa kama kifungo.

Na leo asubuhi, lori la samaki.
Maji ya barafu yalidondoka juu ya lami mpya
tone, tone, ningeweza kuyahesabu.
Bugumba hakunitazama.
Lakini kioo alikuwa amekishusha,
kiwiko nje,
na kiwiko kilipita karibu na bendera yangu
nikaona kovu lake la utotoni.
Nilikuwa nimelisahau.