Kiganja cha Shangazi Ghaniya

Shangazi hakuwahi kusikia kitu,
hata wadi iliposhuka na mawe yake
ikabeba gari la jirani na banda la mbuzi.
Lakini aliona, na kuona kulimtosha.
Jumatano, soko la wanawake, hapa Ibra,
alitandaza kofia zake, akataja bei kwa vidole,
na hakuna aliyempunja.

Kahawa ikikutosha, unatikisa kikombe:
nchi nzima inalijua neno hilo la mkono.
Yeye alikuwa nayo mia tatu, kayabuni mwenyewe.
Pemba ni karafuu inayosuguliwa kati ya vidole viwili.
Baba yangu, kaka yake, ni fimbo inayogonga.

Kisha macho yakaanza kufungwa kama duka,
taa moja moja, kutoka pembeni.
Dunia akaiona kwa kitobo cha kofia,
kisha kwa tundu la sindano,
kisha, Shaabani moja, akanyoosha mkono
kuutafuta ukuta uliokuwa palepale.

Sisi tukanyamaza.
Niseme kweli: tulinyamaza kwa kuwa ni rahisi.
Tulimlisha, tukamwogesha,
tukamhamisha kivuli hadi kivuli kama mto wa kuegemea.
Mama, kwa Kiswahili chake cha Wete, akasema,
"Maskini, hayupo tena."
Naye yupo, kaketi hapo,
anahesabu vitobo kwa ncha ya kidole.

Baba alikufa ndani ya kiza hicho.
Siku tatu zulia lilitetema kwa nyayo za watu,
mikono ya wageni ikapita juu ya mkono wake, midomo juu ya paji.
Hakuna aliyemwambia. Tungemwambiaje?
Akakuna kiganja: aliomba hina.
Alidhani harusi.
Bi Salha akampaka, huku analia.

Nikaenda Maskati, miezi saba, kwa mwalimu Thuraya.
Alinifunga kitambaa machoni,
akatia mikono yake ndani ya yangu.
"Usiseme mbele yake. Sema chini ya mikono yake.
Na ubishe hodi kwanza. Asiyebisha hodi ni mwizi."

Nikarudi na kidole changu kilichopinda,
kile kilichobanwa na mlango wa gari nikiwa na miaka sita.
Akakishika. Akakipapasa mara mbili.
Akanipiga kofi la begani, la mtu aliyecheleweshwa.

Kahawa, nikasema. Tende. Moto. Mimi.
Akajibu kwa adabu, kama anayejibu salamu za mtoto.
Siku ya tisa akauliza yeye:
fimbo inayogonga, wapi?

Mikono yangu ikapata kigugumizi.
Neno lake la kufa ni kiganja kinachogeuzwa, mgongo juu.
Nikageuza.
Akakirudisha kiganja changu kilivyokuwa.
Nikageuza tena.

Akakaa. Feni ilizunguka juu yetu, aliusikia upepo wake tu.
Kisha akasema, polepole, juu ya goti langu:
sakafu iliniambia zamani.
Nilikuwa nangoja mtu.

Halafu maswali, hadi karibu na alfajiri:
nani alimwosha? Alikula nini mara ya mwisho?
Yule mwenye pete mbili aliyenibusu mkono, mke wa nani?
Na mbona mkanipaka hina?
Hilo sikulijibu. Mpaka leo sijalijibu.

Sasa anasoma nukta nundu, za Kiarabu,
maana ndicho kitabu kilichopatikana.
Anasema ni kofia iliyogeuzwa ndani nje.
Kiswahili kimebaki cha mkononi, cha kusengenyana,
cha kunieleza kwamba binti wa Zahor anashona vitobo vikubwa
kama vya kuchujia nazi.

Jana nilikuwa nimechoka, nikamsimulia kwa haraka
habari za mahakamani na shamba la mitende.
Akanikamata kifundo.
"Unameza maneno," alisema.
"Anza tena. Tangu mlangoni."